Msitupe filamu, tupeni faili

Jamani, hili la leo linanikera na sitazunguka mbuyu. Chukua mfano wa mtoto wa Kerio, kule karibu na Ziwa Turkana, mwenye kifafa kisichosikia dawa. Mama anampeleka Lodwar. Lodwar wanamwandikia picha ya MRI. Barabara inashuka kusini, kama kilomita 300 hadi Kitale, halafu Eldoret. Mbuzi wameshauzwa. Siku ya siku mtoto anaingizwa kwenye mashine, anatoka, na mama anapewa bahasha kubwa ya filamu pamoja na karatasi inayosema ubongo uko sawa.

Je, kweli uko sawa? Huenda. Huenda pia picha haikupigwa kwa namna ya kuonyesha kilichopo.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si daktari, kwa hiyo nieleze kwa lugha yetu. Ubongo unajengwa mtoto akiwa bado tumboni. Chembe zake zinazaliwa ndani kabisa, kisha zinasafiri kwenda nje kutengeneza lile gamba lenye mikunjo. Safari ikiharibika, gamba linakosewa. Makosa mengine ni makubwa: ubongo mzima unakosa mikunjo, au kunakuwa na ufa. Hayo hata picha hafifu inaweza kuyaonyesha. Mengine ni madogo mno, mfano displasia ya gamba la ubongo, ambayo Taylor na wenzake waliieleza mwaka 1971. Kipande kidogo cha gamba kinakuwa kinene kidogo, au mpaka wake na sehemu nyeupe iliyo chini unafifia. Wakati mwingine kimejificha kwenye kina cha mkunjo mmoja tu. Gamba lenyewe lina unene wa milimita 2 hadi 4 na ushee. Ukipiga picha kwa vipande vya milimita 5, tena vyenye nafasi kati yake, kosa kama hilo linapita katikati ya vidole.

Sasa sikia upande wa kompyuta. Kuna mradi unaoitwa MELD, ulioanzia London. Mwaka 2022 walichapisha programu iliyofundishwa na kupimwa kwa picha za watu zaidi ya 1,000 kutoka vituo 22 vya kifafa. Ilipata displasia kwa asilimia 67 ya waliokuwa nayo. Kati ya wale ambao awali picha zao zilisomwa kuwa hazina kitu, ilipata asilimia 63. Na ni programu huria! Unaishusha bure, unaisoma msimbo wake, unaiendesha kwenye kompyuta ya kawaida ukiwa na subira. Wenyewe wanasema ni ya utafiti, haichukui nafasi ya daktari, na inaonyesha kidole hata mahali pasipo na kitu. Sawa. Lakini ni jicho la pili, na jicho la pili kwetu ni adimu.

Tatizo: programu haisomi filamu. Inataka faili za picha zenyewe, tena za picha ya pande tatu yenye chembe za milimita 1. Mwaka 2019 jopo la chama cha kimataifa cha kupambana na kifafa lilitoa itifaki iitwayo HARNESS inayosema hivyo hivyo: T1 ya pande tatu, FLAIR ya pande tatu, na T2 ya mkato wa koronali. Mashine nyingi za tesla 1.5 zinaweza kabisa. Ni mpangilio tu kwenye menyu, na dakika za ziada mezani. Yaani mashine ile ile, umeme ule ule, mtoto yule yule aliyesafiri siku nzima, tofauti ni kubofya pengine!

Najua kuna atakayesema tulete mashine ndogo hadi Lodwar. Zipo. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Mbarara kule Uganda, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha hapo hapo mashine ya takriban tesla 0.05, wakilenga watoto wenye maji kichwani. Kazi ya kupendeza, na ningefurahi kuona kama hiyo Kakuma. Kwa maji kichwani au kosa kubwa, inafaa. Kwa displasia ndogo, hapana.

Hapo ndipo vijana wenzangu wa programu wanaponitisha. Wanasema picha hafifu itanolewa na akili bandia. Inanoaje? Programu imejifunza kwa picha kali nyingi, kisha inakisia picha yako ingekuwaje kama ingekuwa kali. Sasa mahali ambapo habari haipo, inajaza kile ilichozoea kukiona. Kosa la milimita chache linaweza kupakwa rangi ya ubongo wa kawaida, na picha ikatoka nzuri kuliko zote. Mimi afadhali nipewe picha mbaya inayokiri ubaya wake.

Turkana si ngeni kwa mashine za kwenda kwa watu. Miaka ya 1980, AMREF walizungusha mashine ya ultrasaundi ya kubebeka wakitafuta uvimbe wa hidatidi tumboni mwa wafugaji. Ila mfupa wa kichwa una roho ngumu kuliko tumbo.

Tusichanganye mambo: wengi wenye kifafa hawahitaji haya yote. Utafiti wa Kilifi, Ifakara, Iganga na kwingineko, uliotoka mwaka 2013, ulihusisha kifafa cha watoto na matatizo ya kuzaliwa, na cha watu wazima na vimelea. Mtoto aanze dawa leo, asisubiri picha. Ninaowasema ni wale, kama thuluthi, ambao dawa haiwatulizi. Kwao doa dogo likionekana, upasuaji unaweza kuzungumzwa. Na si ndoto ya Ulaya: hospitali ya CURE ya Mbale, ng'ambo ya Mlima Elgon ukitokea Kitale, imewahi kupasua wagonjwa wa kifafa.

Kwa hiyo, daktari wa Lodwar au Kakuma, kwenye karatasi ya rufaa usiandike "MRI ya kichwa" ukaishia hapo. Andika: itifaki ya kifafa, pande tatu, milimita 1, na faili apewe mgonjwa. Mama abebe flashi, ya GB 4 inatosha na nafasi inabaki. Mkizituma kwa mtaalamu Nairobi, kumbukeni ndani ya faili za DICOM mna jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa. Futeni kwanza. Programu ya kufuta nayo ni ya bure.