NYIMBO ZA BURE: NANI ASHIKA MZANI?

Mtu apitaye sokoni Mwanjelwa siku ya Jumamosi, au ashukaye Mshindo mjini Iringa kutafuta mahitaji yake, hakosi kumwona kijana aliyekaa nyuma ya kompyuta katika banda dogo, nyaya zimemzunguka, spika inapiga kelele mpaka barabarani. Kazi yake ni kuingiza nyimbo. Mteja humpa simu au memori kadi, hutaja muziki aupendao, kwaya, bongo fleva au rumba ya zamani, na baada ya dakika chache huondoka na nyimbo mia mbili. Kijana amepata posho ya siku. Mteja amepata burudani ya mwezi mzima. Mwimbaji hakupata hata senti ya kununulia chumvi.

Mambo haya tumeyaona miaka mingi tukayazoea, kama mtu azoeavyo moshi wa jikoni. Kabla ya memori kadi zilikuwako CD za kuchoma, na kabla ya CD zilikuwako kanda. Mtindo ulikuwa ule ule.

Sasa iko njia nyingine. Kampuni huafikiana na mwimbaji, huuweka wimbo wake katika intaneti, na mwananchi huupakua katika simu yake bila kulipa bei ya wimbo na bila kuvunja sheria. Fedha hutoka kwa mfanya biashara. Mwenye sabuni, mwenye benki, mwenye kampuni ya simu hulipa ili tangazo lake lisikike kabla wimbo haujaanza. Fedha ya tangazo hugawanywa, sehemu kwa kampuni na sehemu kwa mwenye wimbo. Mjini Dar es Salaam njia hii ilijaribiwa na Mkito. Iliyosikika zaidi katika Afrika Mashariki ni Mdundo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2013, na ambayo Septemba 2020 hisa zake ziliandikishwa katika soko la hisa la Copenhagen, huko Denmark.

Tunajua baadhi ya wanachama wetu watakaposoma neno Copenhagen watakunja gazeti na kusema: yaleyale, mirija mingine hiyo. Twawaomba wangoje kidogo. Ni kweli kwamba sauti iliyoimbwa Tukuyu au Mafinga hupitia Nairobi, na faida yake huhesabiwa Ulaya. Lakini kabla hatujamlaumu mgeni, natutazame sisi wenyewe tulifanya nini na sauti hiyo ilipokuwa mikononi mwetu.

Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey kutoka Afrika ya Kusini alipita Tanganyika na mashine yake akirekodi ngoma na vinanda vya makabila, na Wahehe na ligombo lao walikuwa miongoni mwa waliorekodiwa. Kanda hizo zikaenda zake Afrika ya Kusini. Huo ulikuwa wakati wa ukoloni na hakuna aliyetuuliza. Baadaye tukapata nchi yetu na redio yetu. Bendi zilikwenda Dar es Salaam kurekodi katika Redio Tanzania, nchi nzima ikacheza. Lakini kiwanda cha santuri kinachofanya kazi sawasawa hatukuwa nacho, na bendi zetu zilitegemea Nairobi kupiga santuri zao, mpaka mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977. Tangu hapo mwanamuziki wetu alibakiwa na redio na ukumbi wa dansi.

Wazee wa Iringa hawajaisahau Tancut Almasi, bendi ya kile kiwanda cha kukata almasi, na wale mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa waliokuwa wakiimba humo katika miaka ya 1980. Ni nani aliyezipenda nyimbo zile asizinase redioni kwa kanda yake mwenyewe? Nasi tulizinasa. Kisha jirani akaazima kanda, akanakili, na jirani wa jirani naye hivyo hivyo. Leo nyimbo hizo zimeenea dunia nzima. Kama kila aliyenakili angelitoa senti kumi, wanamuziki wale wangelikuwa na majumba Gangilonga.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mgeni kaharibu kilichokuwa kizima. Njia ya matangazo ni bora kuliko banda, kwa kuwa humo mwimbaji anatajwa kwa jina katika daftari. Wala sio jambo geni kwetu. Redio Tanzania ilikuwa na Idhaa ya Biashara, na watu walisikiliza habari za sabuni kwa subira wakingojea muziki. Tunalouliza ni lile waliloliuliza wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa zamani. Wakulima wale hawakukataa kuuza pamba. Walisema: mzani ni wa mnunuzi, macho ya kuusoma ni ya mnunuzi, na kalamu ya kuandika ni ya mnunuzi. Wakatia wapimaji wao wenyewe, na kwa juhudi za akina Paul Bomani wakaunda muungano wa vyama vyao vya ushirika mwaka 1955. Basi, mzani wa nyimbo uko wapi?

Tulimwuliza kijana mmoja wa Mwanjelwa nyimbo zake anazipata wapi. Akacheka. Akasema nyingine huzipakua huko huko kwenye njia ya halali, kisha huwagawia wateja. Akatupigia mmoja, na kweli, kabla ya wimbo likaanza tangazo, kwa maana tangazo limeshonwa ndani ya wimbo wenyewe. Fikirini jambo hili. Tuseme kijana huyo amepakua wimbo mara moja, akauingiza katika memori kadi arobaini. Katika daftari la kampuni hapo pameandikwa moja. Mwenye sabuni amesikilizwa na watu arobaini amelipia mmoja, na mwimbaji amelipwa sehemu ya huyo mmoja. Ikiwa kila mmoja wa arobaini amemrushia rafiki yake, hesabu hata hatuifikii. Tangazo linasafiri bure mpaka Makete na Ileje juu ya mgongo wa wimbo, kama abiria aliyejificha chini ya turubai la lori.

Hapa ndipo wenye kampuni watakapojibu kwamba kosa ni la banda, na kwamba kila mtu angepakua mwenyewe mambo yangenyoka. Maneno mazuri, lakini kupakua kunataka bando. Mkulima wa viazi wa Uporoto anaponunua vocha, kampuni ya simu imechukua fedha yake kabla hajasikia hata mpigo wa gitaa. Wimbo unaitwa wa bure na mwenye waya kishalipwa! Ndiyo maana banda haliishi. Anayelilaani hajawahi kuhesabu vocha za mtu wa kijijini.

Kisha kuna madalali. Katika mkoa wetu iko kwaya ambayo hatutaitaja, ilirekodi nyimbo kumi, na mwenye studio akaziandikisha kwa jina lake. Wanakwaya walijua habari hiyo walipozisikia nyimbo zao katika simu ya abiria ndani ya basi. Walipokwenda kuuliza, wakaonyeshwa karatasi ya Kiingereza yenye sahihi ya mwenyekiti wao. Mwenyekiti alikiri kwamba sahihi ni yake. Alidhani anatia sahihi stakabadhi ya malipo ya studio.

Watu watatutajia Rayvanny, mtoto wa Mbeya, aliyepata tuzo ya BET huko Marekani mwaka 2017. Twamfurahia sana. Lakini mwimbaji aliyefika huko ana mwanasheria na ana karani. Tunaowasema sisi ni wale wa Rungwe, Mbozi, Mufindi na Kilolo, waimbao Kinyakyusa, Kinyiha au Kihehe, ambao wasikilizaji wao ni wachache machoni pa mwenye tangazo, na ambao fungu lao halina mtu wa kulikagua.

Sheria tunayo tangu mwaka 1999, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ipo kwa kazi hiyo. Kila mwimbaji na aandikishe wimbo wake kwa jina lake kabla hajaingia studio nyingine. Lakini sheria peke yake haimsomei mtu mkataba. Tunataka chama cha ushirika cha waimbaji wa Nyanda za Juu Kusini, chenye karani mmoja ajuaye hesabu na kompyuta, kiafikiane na kampuni hizi kwa niaba ya wote. Na kidai mambo mawili mapema: mkataba na hesabu kwa Kiswahili, kila wimbo na idadi yake na fedha yake; na vijana wa mabanda wafanywe mawakala. Vijana hawa ni watoto wetu, nao wanajua njia zote za vijijini. Wapewe nyimbo za halali pamoja na matangazo yake, kila memori kadi wanayoijaza iandikwe, walipwe ujira wao, na mwenye sabuni alipe kwa arobaini badala ya mmoja. Kompyuta iwezayo kuhesabu nyimbo Copenhagen haishindwi Mwanjelwa.

Wakulima wa kahawa wa Rungwe waliunda ushirika wao tukiwa bado chini ya Mwingereza, bila simu wala barabara ya lami. Kwaya zetu hukutana katika mashindano, walimu wao wakiwa pamoja uwanjani tangu asubuhi. Siku hiyo, kabla vikombe havijatolewa na malori hayajapakia watu, walimu hao na wakae saa moja chini ya mti, wachague wajumbe watano na kuandika majina yao.