Kwa nini aliyekuja nyuma yako ameitwa kwanza?

Shangazi yangu wa Kipatimu ana jambo hajalisahau. Mwaka jana alikwenda mjini kwa binti yake, na mjukuu akashikwa na homa usiku. Alfajiri walikuwa hospitali, wa saba kwenye foleni. Jua lilipokwishapanda, akaingia kijana mmoja amebeba mtoto, hata kadi hajakata. Muuguzi akampokea na kupita naye ndani moja kwa moja.

"Benchi zima tulinuna," aliniambia barazani juzi. "Mwanangu, kwani mjukuu wangu hakuwa mgonjwa?"

Nilimuuliza: mjukuu alikuwaje? "Analia, mpaka watu wanageuka." Na yule mtoto mwingine? Shangazi akafikiri kidogo. "Yule alikuwa kimya. Shingo imelala."

Hapo ndipo penye jibu, ndugu msomaji. Foleni ya dharura haifuati nani amewahi kufika. Inafuata nani hawezi kusubiri. Nchini kwetu elimu hii imesambaa zaidi tangu Muhimbili ilipofungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, lakini hata kituo kidogo chenye muuguzi mmoja kinaweza kuifanya.

Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2005. Kumpanga mtoto huchukua chini ya dakika moja. Muuguzi hatafuti kwanza jina la ugonjwa. Anaangalia: Anapumua? Midomo imekuwa ya bluu? Mikono ni ya baridi? Hapo hubonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha huachia. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haizunguki vizuri. Yuko macho au hajitambui? Ana degedege? Anaharisha, macho yamezama na amelegea? Jibu la "ndiyo" kwenye hatari hizi humwingiza ndani papo hapo, na matibabu huanza kabla ya karatasi.

Wapo wanaofuata: mtoto wa chini ya miezi miwili, mwenye viganja vyeupe kwa kupungukiwa damu, aliyeungua, aliyekunywa sumu, mwenye utapiamlo mkali, aliyekuja na barua ya rufaa. Hawa husogezwa mbele. Waliobaki husubiri zamu. Hospitali nyingi hutumia rangi: nyekundu, njano, kijani.

Haraka hii ina sababu. Watoto wengi wanaofia hospitalini hufa ndani ya saa 24 za kwanza. Kwa anayetoka Kipatimu, saa nyingine zimekwishaliwa na barabara ya vilima vya Matumbi, hasa masika.

Basi na sisi tuna kazi yetu. Kwanza, usimfunike mtoto kanga gubigubi. Muuguzi anayepita aone uso na kifua. Pili, usiseme "ana homa" tu ukanyamaza. Sema: ameshtuka mara mbili njiani, hanyonyi tangu jana, anatapika kila kitu. Tatu, kupangwa si hukumu ya siku nzima. Ukiwa benchini ukaona amelegea, anapumua kwa shida au haamki, inuka uwaambie tena, hata kama umeambiwa usubiri. Kuna kina mama wanaona haya kusumbua wauguzi. Katika hili, sumbua. Nne, mtoto mwenye degedege au asiyejitambua usimpe chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga mwenye dharura, piga 115, namba ya bure ya mpango wa m-mama, mtafutiwe usafiri.

Wahudumu nao wana deni moja: kueleza. Sentensi moja tu, "Mama, wako tumemwona, anaweza kusubiri, huyu hapumui vizuri," ingemwondolea shangazi kinyongo cha mwaka mzima.

Mjukuu wake aliitwa baadaye, akapimwa, akakutwa na malaria na kupewa dawa. Siku hizi anapanda miembe. Yule mtoto aliyekuwa kimya, shangazi hajui aliishia wapi. Nilipoinuka barazani aliniuliza, "Ukipita kule, huwezi kuniulizia?"