Bibi Akiwa na Mawazo, Usimwambie ni Uzee

Wiki hii tuache kidogo habari za nani kamwacha nani na nani kaonekana wapi na nani. Leo tuongee kuhusu mawazo. Sisemi mawazo yako wewe unayekosa usingizi kwa sababu mtoto wa Magomeni hapokei simu, hayo tutayarudia wiki nyingine. Nasema mawazo ya bibi yako. Na ya babu pia, kama bado unaye.

Kiswahili chetu ni kijanja, bwana. Neno hilohilo "mawazo" lina kazi mbili. Ni yale unayofikiri, na tena ni ugonjwa. Mtu akikwambia "fulani siku hizi ana mawazo," huulizi mawazo ya nini wala ya biashara gani. Unasema pole. Unajua moja kwa moja kwamba halali, hali, na akikaa na watu hayupo.

Sasa kasheshe iko hapa. Kijana akiwa na mawazo, kijiwe kizima kinajua. Washikaji watamtoa matembezi, watamchekesha, mwingine atamkopesha hata nauli. Mzee akiwa na mawazo tunasema neno moja tu: uzee. Halali? Uzee. Hali? Uzee. Kaacha kwenda hata kwenye arusi ya jirani? Uzee huo, mwacheni apumzike. Yaani uzee umekuwa kama kapu la taka, kila kitu tunatupia humo.

Wenzangu, si kweli. Uzee unaleta mvi, magoti yanauma, macho yanafifia. Lakini huzuni ya wiki kwa wiki isiyotoka haiko kwenye orodha hiyo. Hiyo ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na una tiba. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema takriban watu 14 katika kila 100 wenye miaka 60 na zaidi wana tatizo la afya ya akili. Chukua wazee saba wa ukoo wenu, mmoja anaweza kuwa humo. Unamjua ni yupi?

Mimi wangu ninamjua, yuko Msimbati.

Kwa asiyepajua, Msimbati ni kusini kabisa, ukitoka Mtwara mjini unapita Madimba, karibu kilometa 40, halafu minazi, mchanga mweupe na bahari ya Hindi. Ukisogea zaidi unakutana na mdomo wa mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Ndiko kwenye gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982, ambayo tangu mwaka 2015 inasafiri kwenye bomba mpaka Dar es Salaam. Na ndiko anakoishi bibi, mama yake mama yangu. Mimi ananiita "mume wangu," kama mabibi wote wa pwani wanavyoita wajukuu wa kiume, na nikichelewa kwenda kumwona anadai talaka.

Babu alipofariki, utani ukaisha. Bibi alikuwa mtu wa pwani, maji yakikupwa wa kwanza kushuka kuchokoa pweza, ndoo mkononi, kanga imefungwa kiunoni. Akaacha. Akaacha kwenda kwenye maulidi. Saa nane usiku yuko macho mpaka alfajiri. Ukimuuliza unaumwa nini, anasema tumbo, mara mgongo, mara kichwa. Akapimwa sukari, akapimwa presha, hakuna kitu cha kueleza maumivu yote yale. Ndugu wakagawanyika, hawa wanasema uzee, wale wanasema kuna mtu kamtupia kitu.

Hapo kwenye tumbo na mgongo, hebu simama kidogo. Wazee wengi hawatakwambia "nina huzuni." Wamelelewa kuvumilia, hasa wazee wetu wa kusini. Watakwambia mwili unauma. Huzuni inatafuta mlango wa kutokea, na mlango wa karibu ni mgongo.

Bahati nzuri mama alimleta mjini kwa muuguzi mmoja aliyesomea mambo ya akili. Jina lake nalihifadhi, mwenyewe hapendi sifa. Huyo mama hakuandika dawa siku ile. Alikaa na bibi wakaongea, na hawakuongea ovyoovyo. Kulikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ndio nataka uujue, kwa sababu una historia tamu.

Zamani mabingwa wenyewe walidhani kuongea na wazee ni kupoteza muda. Sigmund Freud wa Vienna, aliyeanzisha tiba ya kuongea, mwaka 1904 alisema watu waliokaribia miaka 50 na kuendelea akili zao zimeshakakamaa, tiba yake haiwafai. Na siku anasema hivyo mwenyewe alikuwa na miaka 48! Wee acha tu.

Akaja mwingine, Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani. Miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake wenye huzuni wana maneno yanayopita kichwani kwa haraka, kama kondakta anayeita abiria, hata wenyewe hawayaoni. "Mimi sifai." "Watu hawanitaki." "Kesho itakuwa mbaya zaidi." Mambo matatu: mimi, dunia, na kesho. Mtu anayaamini bila kuyauliza swali hata moja. Beck akasema basi tuyaulize. Tuyaweke mezani kama kesi, tutafute ushahidi. Na wakati huohuo mtu aanze tena kufanya vitu vidogovidogo alivyoviacha. Hiyo ndiyo tiba ya fikra na tabia. Beck alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100 kamili, na uzeeni bado alikuwa anafanya kazi. Freud angekuwepo angeona haya. Leo utafiti mwingi umeonyesha wazee wanafaidika na tiba hii kama watu wa makamo. Inatakiwa tu kwenda taratibu, kurudiarudia, na kukaa karibu kama masikio ni mazito.

Turudi kwa bibi. Tiba hii ina kazi ya nyumbani, na Ulaya mgonjwa anaandika kwenye daftari. Bibi haandiki. Muuguzi akamwambia achukue simbi kumi, zile za baharini, aziweke kwenye kopo. Asubuhi atoe simbi kulingana na moyo ulivyo mzito. Mzito sana atoe kumi, mwepesi atoe mbili. Halafu siku mbili kwa wiki, maji yakikupwa, ashuke pwani hata kama hataki. Pweza si lazima, atie miguu majini tu. Akirudi ahesabu tena.

Wiki ya kwanza alitoa tisa kabla na tisa baada. Akasema huyu mama ananichezea. Wiki ya tatu, tisa kabla, sita baada. Hakuambiwa na mtu, aliziona mwenyewe mkekani. Kumbe alikuwa anasubiri moyo uwe mwepesi ndiyo ashuke pwani, wakati moyo nao ulikuwa unasubiri ashuke pwani ndiyo uwe mwepesi. Nani aanze? Miguu ikaanza.

Kisha wakaja kwenye maneno. Bibi alikuwa na mawili. La kwanza, "mimi sasa mzigo." Muuguzi akauliza, mzigo kwa nani? Nani kasema? Bibi akatafuta, hakuna aliyesema. Na nani bado anamhitaji? Bibi akaanza kutaja: wasichana wanaokuja kuuliza bamvua itaingia lini, maana hesabu ya mwezi na maji anayo kichwani. Mama wachanga wanaomletea watoto wawakande. Alipomaliza alikuwa ametaja watu tisa. Mzigo gani huo unaotafutwa na watu tisa?

La pili, "watoto wote wamenitupa." Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu watu wanadhani tiba hii ni kujidanganya, kusema mambo ni mazuri hata kama ni mabaya. Hapana. Muuguzi akasema tuhesabu. Watoto wako wanne. Mama yangu anakuja. Wawili wanapiga simu. Mmoja, mjomba wangu aliyeko Dar, miezi saba hajapiga. Kwa hiyo "wote wamenitupa" si kweli. Lakini "mmoja hapigi" ni kweli tupu, wala hakuna haja ya kuipaka rangi. Gesi ya Msimbati inafika Dar kila siku, salamu za Dar haziji Msimbati.

Neno likiwa la uongo unalirekebisha. Likiwa la kweli unatafuta la kufanya. Muuguzi akamuuliza, wewe umempigia? Bibi akashangaa. Mzazi hapigi, hupigiwa! Wakaliongea hilo nalo, mpaka siku moja bibi akampa mtoto wa jirani simu amtafutie namba.

Mjomba alipokea. Alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Mama, nilikuwa naona aibu. Sina cha kukutumia, nitapigaje simu mikono mitupu?"

Umeona mchezo huo? Mjomba naye alikuwa na lake kichwani: bila hela sina haki ya kupiga simu. Kule mama anasema nimetupwa, huku mwana anasema nisionekane sina kitu. Wawili wanaopendana, kila mmoja na mawazo yake, na katikati miezi saba ya kimya. Bibi akamjibu, "Nilikuomba hela lini, baba?"

Leo bibi hajawa kijana, usije ukanielewa vibaya. Kuna asubuhi anatoa simbi saba. Babu bado anamlilia, na kulia kwa mume wa miaka arobaini ni haki yake. Lakini analala, anakula, anashuka pwani, na talaka amerudi kuidai.

Utasema, sasa wauguzi wa namna hiyo wako wapi? Kweli ni wachache. Lakini sikia ya Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alipoona nchi nzima wataalamu ni wa kuhesabu, mwaka 2006 alianza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Akawafundisha hatua za kumsikiliza mtu, kupanga matatizo yake na kuchagua moja la kuanza nalo. Wakawekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Kwa Kishona ugonjwa wenyewe unaitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ni yaleyale mawazo yetu. Mwaka 2016 majibu ya utafiti wa watu 573 yalichapishwa Marekani. Baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi la bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limeshavuka mpaka Malawi, Zanzibar na New York. Kwa hiyo mzee anatibika, na tena mzee anatibu! Na sisi wa pwani tulikuwa na vibaraza kabla ya benchi hilo. Tulichokosa ni mafunzo.

Wewe kijana ufanye nini? Usijifanye daktari. Angalia kama kwa wiki mbili na zaidi mzee halali, hali, kaacha alivyovipenda, anajiita mzigo. Mpeleke apimwe mwili kwanza, pamoja na macho na masikio, maana asiyesikia hukaa peke yake mpaka akaingiwa na huzuni. Sahau sahau nayo ipimwe, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine. Halafu uliza huduma ya afya ya akili, hospitali za rufaa za mikoa ndipo pa kuanzia. Usiogope gharama kabla ya kuuliza, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wasio na uwezo watibiwe bure. Kuna wanaohitaji dawa pia, na hakuna aibu.

Ila mzee akisema amechoka kuishi au anataka kufa, usicheke, usiseme anatania. Usimwache peke yake, ondoa vidonge na dawa za kupulizia mikorosho, na siku hiyohiyo mfikishe hospitali.

Na lile jingine halitaki mtaalamu. Kama hujampigia mzee wako kwa sababu mfuko umetoboka, jiulize kama yule muuguzi alivyouliza: nani kasema? Ushahidi uko wapi kwamba anasubiri hela? Vocha ndogo inatosha. Mwamkie, mwambie huna kitu, muulize maji yanakupwa saa ngapi.

Tukutane wiki ijayo, na huyo wa Magomeni tutamjadili.