Kudoda: Neno Lisilomtaja Mnunuzi

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanafunzi wetu huikariri methali hii bila kuihoji. Mimi nilianza kuitilia shaka mwaka 2022 huko Gotu, katika kaunti ya Isiolo, nilipokutana na mzee mfugaji akirejea kutoka mnadani na mbuzi wale wale aliowapeleka. Nikamuuliza habari za soko. "Mwalimu," akanijibu, "wamedoda."

Kudoda, kwanza, ni kuanguka tone kwa tone, kama maji ya paani baada ya mvua. Pili, kwa bidhaa, ni kukosa wanunuzi. Naona maana ya pili imezaliwa na ya kwanza: biashara nzuri hububujika, iliyozorota hutoa tone moja moja hata ikakauka. Kitenzi dodosa, yaani kumtoa mtu habari kidogo kidogo, chaelekea kuwa cha ukoo huo huo, nacho ndicho kilichowapa watafiti dodoso lao.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni sarufi. Twaweza kusema mbuzi "hawakununuliwa na wachuuzi". Hatusemi "wamedodwa na wachuuzi". Kitenzi hiki hakina nafasi ya mnunuzi. Ajabu ni kwamba mwenye hasara anayo nafasi: mbuzi "wamemdodea" mzee. Msikilizaji hubaki akidhani ila ni ya mbuzi, kama methali inavyomfunza.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba kaskazini mwa Kenya. Malisho yalipotoweka, wafugaji wengi walitaka kuuza kwa wakati mmoja mifugo iliyokonda. Bei ya mbuzi ikashuka, ya unga ikapanda. Mnunuzi hakuwa na haraka. Alijua kwamba mfugaji asiyeuza leo kwa bei ya kutupa, kesho huenda akabaki na mzoga.

Walimu wenzangu, sisemi neno hili liachwe. Ni neno zuri, lenye picha ndani yake. Tulifundishe pamoja na swali linalolificha: nani hakununua, na kwa nini? Mwanafunzi akilizoea swali hilo, siku atakapoambiwa kwamba vijana wenye shahada "wamedoda" mitaani, hataanza kwa kutafuta kasoro ya vijana.