Miguu Isiyo na Kazi

Mwimbaji mmoja wa kwaya yetu aliniletea kisanduku alichokiunda kwa mikono yake, ili gitaa lake la umeme litoe sauti ya kukwaruza. Sauti ilitoka, lakini pamoja nayo ulitoka mvumo kama wa nyuki, uliobadilika kila aliposogeza mkono karibu. Tena betri ya volti 9 haikumaliza hata mazoezi ya juma moja. Mama yake alikwisha kununua tatu, wala hakutaka kusikia habari ya nne.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na chipu 4049, yenye vigeuzi 6. Viwili vilifanya kazi ya gitaa. Miguu ya kuingilia ya vinne vingine iliachwa hewani. “Mwalimu,” akasema, “kwa kuwa sivitumii, nilidhani havina neno.”

Basi sikilizeni. Kila kigeuzi kina transista mbili: moja yavuta upande wa chanya, nyingine upande wa hasi. Mguu wa kuingilia ukishikwa juu kabisa au chini kabisa, moja hufungwa, na umeme haupiti. Ukiachwa hewani, chaji ndogo ya mkono yatosha kuusogeza. Ukifika katikati, transista zote mbili hufunguka pamoja, na umeme hupita toka chanya mpaka hasi bila kazi yoyote. Ndipo betri huliwa bure, na kigeuzi chaweza kutetemeka na kuchafua umeme unaowalisha wenzake.

Mtauliza: je, vile viwili vya gitaa havikai katikati? Naam, vyakaa, tena kwa makusudi, kwa rezista inayorudi toka mguu wa kutolea mpaka wa kuingilia, kwani hapo ndipo vinapokuza sauti. Hivyo vyala, lakini vyatumika.

Tukalehemu miguu 7, 9, 11 na 14 kwenye waya wa hasi. Miguu yao ya kutolea, 6, 10, 12 na 15, tuliiacha wazi: mguu wa kuingilia ukiwa chini, wa kutolea huwa juu, na kuuunga na hasi ni kukatisha umeme njia fupi. Miguu 13 na 16 haikuungwa na kitu ndani. Angalieni chanya: katika chipu hii ni mguu wa 1, si wa 16 kama katika nyingi za jamaa yake. Mimi kosa hilo lilinila jioni nzima.

Mvumo ulikoma, na betri ya nne ingali hai. Kama sauti ya kukwaruza yafaa wakati wa Komunyo, hilo nimemwachia Padri.