UCHAMBUZI: Shahidi wa gharama za ujenzi aitumikie mahakama, si anayemlipa

MIZOZO ya ujenzi inapofika mbele ya mahakama za Meru na Embu, swali gumu huwa moja: kazi iliyofanywa ina thamani gani?

Hakimu si mjenzi. Ndiposa Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu maoni ya wataalamu. Katika ujenzi, mtaalamu huyo aghalabu ni mkadiriaji majenzi, ambaye hupima kazi na kukokotoa gharama yake.

Chukua mfano wa nyumba kwenye miteremko ya Mlima Kenya, penye udongo mwekundu wenye kina kirefu. Michoro inataka msingi wa mita 1 kwenda chini. Mwanakandarasi anadai alichimba mita 1.5 ili kufikia ardhi ngumu. Kwa mtaro wa upana wa mita 0.6 na urefu wa mita 60, tofauti ni mita 18 za ujazo. Mwenye nyumba anakataa kulipa, na msingi umekwisha kufukiwa.

Mkadiriaji anayeitwa miaka miwili baadaye hutegemea karatasi: vipimo vilivyotiwa saini na pande zote, vyeti vya malipo, picha na maagizo ya mabadiliko. Zisipokuwepo, atakisia tu, ilhali sheria inataka hasara mahsusi ya fedha itajwe bayana na ithibitishwe kikamilifu. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatari nyingine ni mtaalamu kugeuka wakili wa anayemlipa. Nchini Uingereza, uamuzi wa mwaka 1993 kuhusu meli ya Ikarian Reefer ulisisitiza kuwa wajibu wake ni kuisaidia mahakama bila mapendeleo. Mwaka 2011, Mahakama ya Juu ya huko iliondoa kinga iliyomzuia mteja kumshtaki shahidi mtaalamu kwa uzembe. Hapa kwetu, Mahakama Kuu ya Nyeri ilieleza mwaka 2016 kwamba maoni ya mtaalamu hayamfungi jaji. Hupimwa pamoja na ushahidi mwingine wote.

Kwa hivyo, ripoti inayoficha hesabu zake haina faida hata kwa aliyeigharimia. Pande zinazozozana zingeokoa muda na fedha kwa kukubaliana kuhusu mkadiriaji mmoja aliyesajiliwa. Na anayejenga bila uwezo wa kumwajiri mtaalamu, angalau yeye na fundi wapime pamoja, waandike na kutia saini kabla ya msingi kufukiwa.