Mkono wa Mlinzi Unaishia Wapi?

Leo tusemezane habari ya walinzi wa mashamba na maduka yetu.

Majuzi nilipita shamba moja la minazi hapa Miburani, nikamkuta kijana wa miaka 16 amefungwa kwenye mnazi kwa kamba ya makumbi. Kosa lake madafu matatu. Ilikuwa saa nane mchana, naye yuko pale tangu asubuhi, shavu limevimba. Nikamwuliza mlinzi, "Mzee wangu, polisi wamepata habari?" Akanijibu, "Karani, nipeleke Kilindoni kesi ya madafu? Akome kwanza!"

Mlinzi huyu si mtu mbaya. Nazi zikipotea, mshahara wake hukatwa. Lakini amedhani sare na rungu vimempa mamlaka ya askari, kumbe sivyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 (na sisi Mafia twafuata sheria za Bara, si za Unguja, ingawa wako wanaobisha) humruhusu raia ye yote kumkamata mtu anayetenda mbele yake makosa fulani. Mwenye mali naye, au mtumishi wake, aweza kumkamata anayeiharibu mali hiyo. Basi mlinzi aweza kumshika mtu, na akitaka kutoroka amzuie, kwa nguvu ya kumzuia tu. Kisha amkabidhi kwa polisi bila kukawia pasipo sababu.

Kofi la kumpiga mtu aliyekwisha kutulia si ulinzi tena, ni shambulio. Likimdhuru, Kanuni ya Adhabu imeweka kifungo hadi miaka 5. Nanyi akina mama, sheria yasema mwanamke akipaswa kupekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa heshima.

Hata mwizi ana haki? Ndiyo, hata mwizi. Katiba yakataza mtu kuteswa na kudhalilishwa, wala haikuongeza maneno ya kumtoa mwizi. Adhabu ni kazi ya hakimu.

Jioni baba wa kijana alinijia. Nikamshauri aanzie polisi, apewe ile fomu ya PF3, ampeleke mwanawe hospitali. Juu ya madafu, nikamwambia, kijana atajibu mwenyewe. Alikaa kimya kitambo kirefu. Mlinzi yule ni shemeji yake.